Nagutuka Filamuni Hata Nikijua Kinachokuja: Je, Moyo Wangu ni Mwepesi?

SWALI

Assalamu alaykum, Shangazi. Baada ya kukuamkia shikamoo, naomba unisikilize, kwa maana jambo langu ni dogo machoni pa watu lakini mimi limenikosesha raha kwa miezi mitatu sasa.

Nina umri wa miaka 33 na ninaishi mtaa wa Langoni hapa Lamu, katika nyumba ya ukoo wa mume wangu. Tunaishi pamoja na mavyaa wangu, ambaye ana presha, shemeji yangu ambaye hajaoa, na watoto wetu wawili: wa kiume wa miaka sita na wa kike ambaye bado ananyonya. Shemeji aliporudi kutoka Mombasa alikuja na runinga kubwa na spika mbili ndefu, akaziweka katika chumba cha chini, na tangu siku hiyo kila Ijumaa baada ya sala ya Isha sote hukusanyika hapo kutazama filamu. Anazozipenda yeye ni zile za kutisha.

Silazimishwi, Shangazi. Hadithi zenyewe hunivutia na sitaki kukaa jikoni peke yangu wakati wenzangu wako pamoja. Tatizo langu ni pale kila kitu kinaponyamaza, mtu anatembea gizani, kisha uso unatokeza kwa kishindo kikubwa. Hapo mimi huruka mzima mzima. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nimeshika dele nikiwamiminia kahawa. Kishindo kilipolia mkono wangu ulijirusha wenyewe, kahawa ikamwagika mkekani na kiganja changu kikababuka. Watu walicheka hadi wakatokwa na machozi. Shemeji akachukua rimoti akakirudisha nyuma kile kipande cha filamu ili aone kama nitaruka tena, nami nikaruka tena, ijapokuwa safari hiyo nilijua kabisa kitu gani kinakuja na kinatokea upande gani.

Hilo ndilo linalonitatiza. Ninajua kwamba ile ni rangi ya usoni na taa, na kwamba yule maiti baada ya kazi yake alinawa akaenda kwake kula. Wala sikulelewa kuwa mwoga. Nimewahi kusafiri kwa mashua hadi Faza usiku, kusi imevuma na bahari imechafuka, wanawake wenzangu wakilia, na mimi nikawa ndiye ninayewashika mikono. Sasa inakuwaje niliyestahimili bahari nishindwe na runinga?

Filamu ikiisha, sipati usingizi hadi saa nane. Moyo huenda mbio, na punda akilia kichochoroni mimi huketi kitandani ghafla. Ijumaa moja nilimfokea mume wangu maneno makali, kisa kandambili zilizoachwa mlangoni, na hadi leo sijui maneno yale yalitoka wapi. Yeye anasema nina moyo mwepesi. Mavyaa wangu anaona nimepitiwa na kitu, na anataka nisomewe na ninywe kombe. Na mwanangu wa kiume, ambaye huketi mapajani pangu tukitazama, sasa hakubali kwenda msalani peke yake, na mara mbili amelowesha kitanda ilhali aliacha tangu akiwa na miaka mitatu.

Naomba unijibu: akili yangu ina udhaifu? Moyo wangu waweza kuharibika? Na nifanye nini bila kuivunja ile Ijumaa? Kwa maana ndiyo siku pekee ambayo mume wangu na nduguye huketi pamoja tangu baba yao afariki.

Mwenye Kugutuka,
Langoni, Lamu

JAWABU

Waalaykumu salaam, mwanangu, na marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla ya yote naomba kwamba kile kiganja kimepona vizuri. Mimi nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kuishika safu hii, na majeraha ya moto wa kahawa nimeyafunga mengi, kwa hiyo hilo silichukulii kuwa jambo la kuchekwa.

Swali lako la kwanza nalijibu moja kwa moja: akili yako haina udhaifu wowote, kwa sababu kule kugutuka hakukupitia akilini hata kidogo. Lugha yetu yenyewe imelitenga jambo hili, kwani tuna neno kuogopa na tuna neno kugutuka, na mtu aliyekulia na Kiswahili hawezi kuyachanganya. Kuogopa ni jambo linalokuja na kukaa, ambalo mtu hulipima na aweza kulishinda, kama ulivyolishinda kwenye mashua ya Faza, ambako hatari uliiona na ulikuwa na muda wa kujikaza. Kugutuka hakukupi muda huo. Nazi ikianguka juu ya paa la mabati, kwanza unainama na kuinua mabega, ndipo baadaye unajua kwamba ile ilikuwa nazi.

Sababu iko katika njia ambayo sauti hupita. Mlio mkubwa wa ghafla ukiingia sikioni, neva za usikivu huupeleka katika shina la ubongo, pale chini kabisa ambapo ubongo unaungana na uti wa mgongo, na kutoka hapo amri hushuka moja kwa moja hadi kwenye misuli ya uso, shingo na viungo. Neva zinazopokezana habari hiyo ni chache mno, na kwa hiyo jicho la binadamu hufumba katika milisekunde 30 hadi 50 baada ya mlio, yaani muda mfupi kuliko unaohitajika kulitamka neno moja lenye silabi moja. Sehemu ya juu ya ubongo, ile inayojua kwamba maiti wa filamu amekwenda kwake kula, huipata habari ikiwa imechelewa. Wakati inaposema "hii ni filamu tu," dele limeshainuka.

Tazama hata binti yako anayenyonya. Mlango ukibamizwa na upepo, mtoto mchanga hutupa mikono pande zote kisha akaikunja kifuani kana kwamba anatafuta pa kushika, naye hajui filamu, hajui jini, hajui woga wala ushujaa. Tunazaliwa na mwili unaojua kujikinga kabla ya kufundishwa.

Katika mwaka wa 1939 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Carney Landis na William Hunt, walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa watu waliopigiwa mlio wa bastola huku wakipigwa picha kwa kamera ya kasi kubwa. Mtiririko waliouona ulikuwa ni ule ule kwa watu wote: macho hufumba, kichwa husukumwa mbele, mabega hupanda, viwiko hukunjwa, tumbo hukazwa na magoti hulegea kidogo. Ukiutafakari mkao huo, utaona kwamba unaficha kisogo na kukinga tumbo, sehemu mbili ambazo mnyama mkali angezitafuta kwanza. Na hata kwa watu waliozoea milio ya bunduki, kule kufumba jicho hakukutoweka. Mkono wako uliorusha kahawa ulikuwa unakunja kiwiko kama mikono ya watu wote hao, ila wao hawakuwa wameshika dele.

Ukiniuliza ni nani aliyewahi kulijaribu jambo lako kabla yako, nitakutajia Charles Darwin, yule mtaalamu wa viumbe wa Uingereza. Katika maandishi yake ya mwaka 1872 alieleza jinsi alivyokwenda kwenye bustani ya wanyama ya London, akauweka uso wake karibu kabisa na kioo kinene ambacho nyuma yake kulikuwa na kifutu, nyoka ambaye wengine humwita moma, akiwa ameazimia kwa dhati kwamba nyoka akirusha kichwa yeye hatarudi nyuma. Nyoka akapiga kioo, na Darwin akajikuta amekwisha ruka nyuma kiasi cha mita moja au mbili. Alikiri kwamba nia yake na akili yake havikuwa na nguvu yoyote mbele ya hatari ambayo hajawahi kuipata maishani. Mtu yule alijua kioo kipo, kama unavyojua wewe kwamba ile ni runinga. Mpe mume wako kisa hiki akisome, kisha umuulize kama na Darwin naye alikuwa na moyo mwepesi.

Baada ya mruko huo wa kwanza huja wimbi la pili, na hilo ndilo linalokunyima usingizi. Ndani ya ubongo kuna kipande kidogo chenye umbo la lozi, kiitwacho amigdala, ambacho kazi yake ni kupiga kengele ya hatari bila kungoja ushahidi kamili. Kikipiga kengele, tezi mbili zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu: moyo huongeza kasi, pumzi hufupika, mboni za macho hupanuka, vinyweleo husimama, sukari hutolewa kutoka ini ili misuli ipate nguvu, na kazi ya tumbo husimamishwa. Mwanafiziolojia Walter Cannon wa Marekani aliueleza mpango huu mwaka 1915 kuwa ni maandalizi ya mwili kwa kupigana au kukimbia. Wewe unaandaliwa hivyo ukiwa umeketi mkekani, hupigani na wala hukimbii, na ile nguvu yote haina pa kwenda. Adrenalini yenyewe hupungua kwa dakika chache, lakini homoni nyingine iitwayo kotisoli hupanda polepole zaidi na hukawia kuondoka. Ukishtuliwa mara kumi katika filamu moja, huwezi kutarajia kwamba saa tano ya usiku mwili wako utakuwa umetulia, hasa ikiwa kati ya mishtuko hiyo umekunywa finjani nne za kahawa chungu.

Mabaki hayo ya msisimko yanaeleza pia zile kandambili. Mtafiti Dolf Zillmann alionesha katika miaka ya 1970 kwamba msisimko uliobaki mwilini kutokana na jambo moja huingia katika hisia ya jambo linalofuata na kuikuza, bila mtu mwenyewe kujua. Anayechekeshwa baada ya mshtuko hucheka kupita kiasi, na ndiyo maana nyumba nzima ilicheka hadi machozi. Anayeudhiwa baada ya mshtuko hukasirika kupita kiasi, na ndivyo ulivyomfokea mume wako. Maneno yale yalikuwa na hasira ya kandambili kwa kiasi cha kandambili tu, na nguvu iliyobaki ilikuwa ya filamu. Mwombe radhi kama hujafanya hivyo, na umweleze hili. Na ule uso unaorudi ukifumba macho unarudi kwa sababu adrenalini huuambia ubongo kwamba tukio hili ni la kuhifadhiwa vyema, kwani kwa kiumbe anayeishi porini, kusahau pale alipomwona chui ni hatari.

Sasa, kwa nini uliruka mara ya pili, ilhali ulijua? Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo ulipojihukumu bure. Kugutuka hupungua ikiwa mlio unarudiwa mara nyingi katika utulivu, lakini mtu akiwa tayari ana wasiwasi, mruko wake huwa mkubwa zaidi, na jambo hili limepimwa kwa wanadamu na kwa wanyama kwa miongo mingi. Kujua kwamba kishindo kinakuja hakukukutuliza, kulikukaza. Ongeza kwamba kiganja kilikuwa kinauma, watu wote wamegeuka kukutazama wewe badala ya runinga, na shemeji ameshika rimoti. Hata mimi ningeruka.

Watengenezaji wa filamu wanayajua haya yote kwa uzoefu. Sauti ile ile ikipandishwa polepole haimgutushi mtu. Kinachogutusha ni kupanda kwa ghafla, na ndiyo maana hutanguliza kimya kirefu ambacho ndani yake hata wewe unazuia pumzi. Katika filamu moja ya Marekani ya mwaka 1942, iliyotayarishwa na Val Lewton na kuongozwa na Jacques Tourneur, mwanamke anatembea peke yake usiku akihisi kwamba anafuatwa, hatua zinasikika, kisha hatua zinanyamaza, na pale mtazamaji anapongoja mnyama amrukie, basi la abiria linaingia ghafla mbele yake kwa mlio wa breki unaofanana na mngurumo. Hakuna mnyama, ni basi tu, na bado watazamaji waliruka vitini. Tangu hapo mbinu hiyo imeigwa mara zisizohesabika. Giza nalo lina sehemu yake: mwaka 1997 watafiti wa Marekani walithibitisha kwamba binadamu hugutuka zaidi akiwa gizani, na katika mwaka huo huo ilioneshwa kwamba panya, ambao usiku ndio mchana wao, hugutuka zaidi penye mwanga mkali. Kila kiumbe huwa mwepesi wa kugutuka mahali ambapo hajihisi salama. Nanyi mnatazama taa zimezimwa, katika chumba cha kuta nene za mawe na chokaa zinazorudisha sauti, na spika mbili ndefu mbele yenu.

Nije kwenye moyo. Kwa mtu mwenye afya, mshtuko wa filamu hupandisha mapigo na shinikizo la damu kwa muda, kisha vyote hurudi vilivyokuwa. Waandishi wa riwaya hupenda kusema kwamba damu ilimganda mtu kwa hofu, na madaktari wa Leiden, Uholanzi, walilipima jambo hilo kwa vijana 24 wenye afya, matokeo yakachapishwa mwishoni mwa mwaka 2015: baada ya filamu ya kutisha, protini moja inayosaidia damu kuganda ilikuwa imeongezeka kuliko baada ya filamu ya mafunzo, lakini damu yenyewe haikuwa imeanza kuganda. Mwili ulijiandaa kwa jeraha ambalo halikuja.

Mavyaa wako ndiye ninayemfikiria zaidi. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza hali ambayo moyo hudhoofika ghafla baada ya huzuni kubwa, hofu au mshtuko, na sehemu yake ya chini ikatuna. Waliiita takotsubo, kwa jina la chungu chembamba mdomo kinachotumiwa na wavuvi wao kumtega pweza, kwa sababu moyo ulionekana na umbo hilo hilo. Sisi wa visiwani humchokoa pweza miambani kwa mchokoo, lakini nadhani unaweza kukiona hicho chungu akilini mwako. Wengi wanaoipata ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na wengi wao hupona kwa wiki chache wakitibiwa. Ni hali ya nadra, na sisemi kwamba filamu itamletea. Ninachosema ni kwamba mama wa makamo mwenye presha hana faida yoyote ya kuketi mbele ya spika zile, na dawa zake za jioni asiache kuzinywa kwa sababu filamu imenoga.

Kwako wewe, nenda hospitali upimwe umeme wa moyo ikiwa umewahi kuzimia kwa kugutushwa, ikiwa kifua hukubana au moyo hukimbia hata ukiwa umetulia mchana, au ikiwa katika ukoo wenu kuna kijana aliyefariki ghafla bila sababu kujulikana. Kuna ugonjwa wa kurithi wa mwenendo wa umeme wa moyo ambao mtu mwenye nao anaweza kuanguka kwa mlio wa ghafla wa simu au kengele, na huo una matibabu. Jambo jingine hukulieleza katika barua yako, nami sina budi kukuuliza: je, umewahi kupatwa na tukio la kutisha la kweli, kama ajali ya boti, moto au uvamizi? Mtu aliyepitia hayo aweza kuendelea kugutuka kupita kiasi kwa miaka, na kwake filamu si chanzo bali ni kidole kinachogusa kidonda. Kama ni hivyo, hilo linahitaji mshauri wa afya ya akili aliyesomea, uso kwa uso, na barua yangu haitoshi.

Kuhusu kisomo, sina neno dhidi ya mavyaa wako. Dua ni tulizo, na mama anayetaka usomewe anakupenda. Mpokelee kwa heshima. Ila mweleze kwa upole kwamba kugutuka kwa kishindo ni maumbile ambayo Mungu amempa kila mja, asije akawaambia majirani kwamba mke wa mwanawe amepandwa.

Shemeji yako hana ubaya, lakini ile rimoti lazima isemewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus nchini Denmark waliwafunga wageni wa jumba la vitisho, ambamo watu huingia kwa hiari ili watishwe, vipimo vya mapigo ya moyo, na katika matokeo yao ya mwaka 2020 walionesha kwamba raha ilikuwa kubwa pale hofu ilipokuwa ya wastani. Ilipozidi, raha ilipungua, na ilipokuwa ndogo mno, pia hakukuwa na raha. Kiasi cha shemeji si kiasi chako. Yeye akiongeza sauti anaikaribia raha yake, wewe unatolewa kwenye yako. Kumgutusha mtu kwa makusudi, tena aliyeungua, si utani tena, na mume wako ndiye anayestahili kumwambia nduguye hivyo, kwa utaratibu, wakiwa wawili.

Ijumaa yenu isivunjike. Sababu uliyoitoa mwishoni mwa barua, ya ndugu wawili walioondokewa na baba, ni nzito kuliko kila nililoandika hapa, na mambo ya kubadilisha ni machache. La kwanza na kubwa ni sauti: ipunguzeni kwa kiasi ambacho mnaweza kuzungumza bila kupaza, na ukiona kimya kimeingia na mtu anatembea gizani, usifumbe macho kama wengi wafanyavyo, bali ziba masikio. Macho yanaweza kubaki wazi. Mlango ambao mshtuko huingilia ni sikio, na ukiuziba utashangaa jinsi ule uso ulivyo mnyonge. Acheni taa moja ikiwaka nyuma yenu. Anzeni mapema, baada ya Magharibi kwa mfano, msimame kwa sala ya Isha na mmalizie baadaye, au filamu ya kutisha itangulie na ya kuchekesha ifuate, ili mabaki ya msisimko yapate pa kuishia. Kahawa inyweke kabla ya filamu kuanza na dele lirudi jikoni. Filamu ikiisha usiende kitandani moja kwa moja; osha vyombo, tembea hadi barazani upunge upepo, kisha keti uvute pumzi kwa utulivu na kuitoa polepole zaidi ya ulivyoivuta, kwa dakika tano hivi, kwa sababu pumzi inayotoka polepole hupunguza mapigo ya moyo.

Nimemwacha mwanao mwisho kwa kuwa yeye ndiye asiyeweza kusubiri. Mtoto wa miaka sita hana bado uwezo wa kuutumia ujuzi kwamba filamu si kweli. Ukimwambia "ni uongo tu" ataitikia, kisha atabaki na uso aliouona. Joanne Cantor, mtafiti wa Marekani aliyelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi, alishiriki katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ambapo asilimia 90 ya wanafunzi wa chuo kikuu walikumbuka filamu au kipindi kilichowatisha utotoni au ujanani, na takribani robo yao bado walikuwa na wasiwasi uliobaki. Pia alieleza kwamba watoto wadogo hutulizwa zaidi na mwili kuliko maneno: kukumbatiwa, kupewa kitu cha kunywa, kuwa karibu na mzazi, ilhali maelezo huanza kuwafaa wakifika kama miaka minane. Kumbuka pia kwamba alikuwa mapajani pako. Kila uliporuka, aliuhisi mwili wa mama yake ukiruka, na kwake hakuna ushahidi mkubwa zaidi ya huo kwamba hatari ni ya kweli.

Asiketi tena katika chumba hicho filamu hizo zinapooneshwa, wala yule mdogo, kwani masikio ya mchanga si ya spika zile. Usimwaibishe kwa kitanda wala usiruhusu mtu amtanie. Kulowesha huko mara nyingi huisha mtoto anapojihisi salama tena, na kukizidi mwezi mmoja, mpeleke kwa daktari wa watoto. Usiku wa leo mwachie taa ndogo. Akitaka kwenda msalani usimwambie ajikaze. Mpeleke mwenyewe hadi mlangoni, usimame nje ukiendelea kuzungumza naye, ili sauti anayoisikia muda wote awapo ndani iwe ni yako.